Hatua Elfu Tisa za Mama

Kaeni, wapendwa, kaeni. Wewe pale karibu na dirisha, nakuona unaharakisha kuzima simu. Iache. Wote ziacheni ziwake, mzinyamazishe tu. Nimewagombeza mara nyingi kwa ajili ya hivyo vidude, lakini leo nitavihitaji kabla hatujatoka humu ndani.

Tangu mwaka huu uanze nimeulizwa swali moja mara nne, tena na watu wa usharika huu huu. "Mchungaji, hizi simu mpya zinazotoka kila mwaka, zinazokunjwa, zinazopima mapigo ya moyo, zenye kamera nyingi kama macho ya buibui, zina faida ya kweli au tunachezewa?" Nimekuwa nikicheka na kupita zangu. Leo sipiti. Nina mfano. Nimeutunga mwenyewe juzi, na nawaambia kweli, nilipofika mwisho wake nilibaki kwenye kiti nikishindwa kunyanyuka.

Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye duka la vipuri vya magari mjini. Alikuwa mtu mwema, msianze kumhukumu mapema. Alisali, alitoa, aliimba besi kwenye kwaya, na alikuwa mzee wa kanisa. Mama yake alikuwa na miaka sabini na sita na aliishi peke yake milimani, kule ambako umeme ulipanda hadi kwenye senta, pale penye maduka, ukaangalia mteremko uliobaki, ukachoka. Juu ya senta hakuna nguzo, na bodaboda hazipandi. Ni miguu yako na Mungu wako.

Huyu mwanamume alikuwa na hofu moja iliyomkosesha raha. Mwaka uliotangulia, bibi mmoja wa upande wa pili wa bonde alianguka jikoni kwake, akalala chini siku tatu bila mtu kujua. Walipomkuta, alikuwa ameshakwenda. Tangu habari hiyo imfikie, kila alipofumba macho alimwona mama yake chini, kwenye sakafu ya udongo, anaita na hakuna anayeitika. Hofu hiyo ni halali kabisa. Nani hapa ana mama mzee mbali naye na haijui?

Sasa tiba yake. Akaingia kwenye duka la simu. Muuzaji akamweka chini, akamfungulia boksi.

"Hii ni toleo jipya, mzee wangu. Ndani kuna kidude kinahesabu kila hatua anayopiga mtu. Kila hatua! Halafu inakutumia wewe kwenye simu yako, hapo hapo ulipo. Na inajua mtu akianguka."

"Inajuaje?"

"Inahisi kishindo. Mama akianguka tu, simu yenyewe inakupa taarifa. Na hafungui mtu mwingine, inafunguka kwa uso wake peke yake."

Yule bwana alikaribia kulia pale dukani. Kumbukeni kazi yake ni vipuri. Mtu wa vipuri huamini dashibodi. Taa nyekundu ikiwaka kuna tatizo, isipowaka, twende. Na sasa alikuwa amepata dashibodi ya mama yake! Akainunua siku ile ile, Jumamosi akapanda nayo mlimani, akamwonyesha mama namna ya kuitazama ikafunguka. Ile ya zamani, kitochi chenye vibonye, akaichukua akarudi nayo mjini ili mama asije akaizoea tena.

Kabla hajashuka alimpa mama agizo moja la mwisho. Hapa kuna mtu wa tatu inabidi niwajulishe, na ni yeye peke yake nitakayempa jina. Aliitwa Mama Aikande. Alikuwa jirani, mjane, uzio kwa uzio na mama, na alikuwa anapika pombe ya ndizi. Kanisa lilikuwa limemtenga kwa sababu hiyo, na aliyesoma tangazo la kumtenga siku ile, kwa sauti yake nzuri ya besi, ni huyu huyu mwenye duka la vipuri.

"Mama," akamwambia, "yule mwanamke asikanyage humu ndani. Mtu wa pombe ananuka, na atakuharibia jina. Nikisikia yuko hapa tutakosana."

"Nimesikia, mwanangu," mama akasema.

Basi, siku zikaenda. Mnajua kitu gani muuzaji hakusema? Kile kitochi cha zamani kilikuwa kinakaa na chaji siku tano, sita. Hii mpya, yenye kuhesabu na kuhisi na kuutambua uso, ilikuwa inakula chaji kama trekta linavyokula dizeli. Kukicha iko karibu kufa. Na kwa mama hakuna umeme. Kwa hiyo kila asubuhi mama wa miaka sabini na sita alivaa raba zake, akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akateremka hadi senta kwenye kibanda cha kuchajia, akasubiri, akapanda nayo.

Mwanawe mjini akawa anaona hatua elfu tisa. Elfu tisa na mia mbili. Elfu nane na mia tisa. Mnafikiri alijiuliza mama anakwenda wapi? Alifurahi! Aliionyesha ile namba dukani, akaionyesha kwenye jumuiya. "Mnaona? Sabini na sita! Mimi mwenyewe sifiki elfu tatu." Wakampigia makofi, na mmoja akasema teknolojia ni baraka. Yeye akalala usingizi ambao hakuwa ameupata mwaka mzima.

Huko kijijini nako habari zilienea. Zamani, watu wa kanisani walikuwa wakipita kwa mama mara moja moja, huyu na mkungu, yule na salamu tu. Sasa wakipita njia ya chini waliambiana, "Mama yule hana shida. Ana ile simu. Mwanawe anamwona." Wakaendelea na safari zao.

Masika ikaanza. Ile njia ya mteremko, mnaijua ilivyo wakati wa mvua, utelezi mtupu. Siku moja mama akateremka kama kawaida, akaiacha simu kibandani kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, akapanda kurudi nyumbani mikono mitupu ili aje kuichukua mchana. Katikati ya kilima mguu ukateleza. Akaangukia nyonga ya kulia, na alisikia mwenyewe kitu kikilia ndani.

Simu inayojua mtu akianguka ilikuwa wapi? Ilikuwa senta, imelala juu ya ubao wa kibanda, inakunywa umeme.

Aliyemkuta ni Mama Aikande, aliyekuwa akirudi na debe lake kichwani. Akatua debe. Naye mwenyewe ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, akamweka mama mgongoni, akampandisha hadi kitandani. Akaitwa mtu wa zahanati, akasema huyu apelekwe hospitali kubwa akapigwe picha, aje na ndugu yake. Akampa dawa za maumivu. Mtu wa kuunga mifupa akamfunga vijiti.

"Mpigie mwanao," Mama Aikande akasema.

"Nitampigia. Ila nenda kwanza ukaichukue ile simu. Ikizima atapata hofu bure."

Nilipofika hapo katika kutunga, ndugu zangu, niliweka kalamu chini. Mama amevunjika nyonga, na anachowaza ni kwamba mwanawe asipate hofu.

Kuanzia siku hiyo Mama Aikande ndiye aliyekuwa akiteremka na simu kila asubuhi pamoja na ndizi zake za kuuza, akikaa senta hadi ijae, kisha akipanda nayo. Na ile simu ikahesabu. Haikudanganya hata kidogo. Elfu tisa na mia moja. Elfu tisa na mia nne.

Yule mwanamume alikuwa na desturi ya kupiga saa moja jioni akifunga duka. Jioni ile ile ya kuanguka akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanangu, huu mguu wa kulia..."

"Mguu umefanyaje?"

"Unaniuma. Unaniuma sana, hata kusimama..."

"Mama!" akacheka, akacheka kabisa. "Hata kusimama? Leo umepiga hatua elfu tisa na mia moja! Ninaziona hapa. Ni uchovu tu huo. Jipake mafuta ya moto."

Mama akaihamishia simu sikio la pili. Mngetaka aseme nini? Aseme hizo si hatua zangu? Ataulizwa ni za nani. Na zilikuwa za mtu ambaye mwanawe alisema akimsikia humu ndani watakosana.

"Haya, baba," akasema.

Siku ya tatu alijaribu tena. "Mwanangu, mimi ni mgonjwa. Nakuambia mimi ni mgonjwa." Na yule bwana, ambaye alimpenda mama yake, nasema alimpenda, akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, usijitie ugonjwa. Hiki kifaa hakikosei. Kingeniambia."

Mnasikia? Mama yake alimwambia kwa kinywa chake, kinywa kilichomfundisha kusema, na akachagua kuamini kifaa. Nashtuka kila nikilirudia. Nashtuka kwa sababu nikijipekua sioni kitu hapo ambacho mimi nisingekifanya.

Baada ya hapo mama hakusema tena. Alijibu tu, nipo, mwanangu, namshukuru Mungu. Lakini neno lile lilimkaa. Jumapili moja asubuhi, Mama Aikande hajafika bado, akajisemea, mtoto anafurahia sana hizo hatua, ngoja nami nipige zangu mbili tatu zisiwe za uongo mtupu. Akashika ukuta. Akasimama. Akapiga moja.

Simu ilikuwa juu ya kitanda, yeye akawa chini. Ile simu ilijua kuanguka kwa simu. Kuanguka kwa mama haikuwa na habari nako. Sisi tumezoea kuwaambia watoto, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu mkuu alisikia la mtoto, na guu likavunjika mara ya pili.

Wiki saba zikapita hivyo. Ya nane, likatoka toleo jipya zaidi. Hili linakunjwa katikati kama daftari, unalifungua kioo kinakuwa kipana, na kamera yake inachukua hata unyoya wa kuku ulioko ng'ambo ya bonde. Mwenye duka la vipuri akanunua mawili, moja lake na moja la mama. Akapanga aende ghafla, bila kupiga simu, amkute mama akitembea, amrekodi, aitume ile video kwenye kundi la jumuiya. Kichwa cha habari alikuwa nacho tayari, Bibi wa Hatua Elfu Tisa.

Akaliacha gari senta akapanda kwa miguu akihema. Saa sita mchana akafika uani. Jiko halina moshi. Akashangaa kidogo, kisha akatabasamu. Si ajabu, akajisemea, yuko matembezini. Akaitoa simu yake aangalie, na kweli, mama alikuwa anatembea. Hatua elfu sita na mia mbili, na namba inapanda. Akaitayarisha kamera.

"Hodi!" akaita, kwa mazoea tu.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mbona leo umewahi, Mama Aikande?"

Akasukuma mlango. Kwa ule mwanga wa dirisha dogo akamwona mama yake kitandani. Alikuwa amekwisha. Mama aliyemwacha na mashavu, sasa ni macho na mifupa. Mguu wa kulia ulikuwa umekunjwa umeelekea pembeni, mahali ambapo mguu wa mtu hauelekei.

"Mama!"

"Ni wewe?" Mama akavuta kanga haraka haraka, akaufunika mguu. "Ungepiga simu, baba. Ningejiandaa."

 Mwanawe alikuwa bado ameishika simu mkononi, akaitazama. Hatua elfu sita na mia saba. Akamtazama mama. Amelala. Akaitazama simu. Elfu sita na mia saba na arobaini. Akamtazama mama. Elfu sita na mia nane.

Mnaiona hiyo hali? Mama yake yuko mbele yake hawezi hata kugeuka ubavu, na mama yake anapanda kilima. Nywele zikamsimama. Alifikiri mambo ambayo mzee wa kanisa hafikirii. Akainama, akaugusa uso wa mama kuhakikisha ni wa moto.

"Mama, nani huyu anayetembea?"

Mama akafumba macho. Chozi moja likatoka pembeni likaingia sikioni, na hakulifuta.

"Usigombe akija," akasema. "Nakuomba, mwanangu. Akija usimgombeze."

Mama akamweleza ya mteremko na ya wiki saba, yeye mwanawe amekaa chini kwenye sakafu ya udongo, ile sakafu aliyokuwa akiiona kila alipofumba macho. Akazitazama zile namba zikipanda kidogo kidogo, zikisimama, zikapanda tena, kama mtu aliyechoka anayepumzika njiani. Elfu nane. Elfu nane na mia tano. Elfu tisa. Zilipofika elfu tisa na mia moja, mlango ukafunguliwa.

Mama Aikande aliingia na matope hadi magotini, ana kibuyu cha uji mkono mmoja, na mkono wa pili unafungua pindo la kanga. Akamwona. Akasimama pale pale mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Simu yako, baba," akasema, akainyoosha. "Imejaa."

Yule mwanamume alitaka kusema asante. Alitaka kusema nisamehe. Lakini aibu ikiwa kubwa hutafuta mtu wa kumpiga, nanyi mnalijua hilo, na kilichomtoka ni hasira.

"Wiki saba! Wiki saba mama yangu yuko hivi, na umekaa na simu yake mkononi kila siku! Umeshindwa kuniambia?"

"Hiyo simu inataka uso wa mama yako. Mimi nina uso wangu. Namba yako sina, niliiomba siku ulipoileta hii simu, ukanipita. Na ningekuambia kwa kinywa gani? Hiki nilichokusikia kwenye uzio ukisema kinanuka?"

Akaiweka simu kizingitini. Kisha Mama Aikande akasema jambo la mwisho, na alilisema taratibu, bila ubaya wowote.

"Lakini uliambiwa, baba. Mama alikuambia mwenyewe, mara mbili. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, nimemshikilia mgongo ili aweze kuongea. Nilisikia ulivyomjibu."

Yule bwana aliinamisha kichwa hadi kikagusa ukingo wa kitanda. Hakuwa amewahi kumsalimia yule mwanamke tangu siku ile ya tangazo. Kutoka pale chini akasema, "Shikamoo, mama." Mama Aikande akaitikia, akavua viatu vyenye matope, akavuka kizingiti, akaanza kumnywesha mgonjwa uji.

Mama alibebwa kwenye machela hadi kwenye gari, na Mama Aikande akaishika kona moja. Hospitalini daktari aliitazama picha, akaitazama tena. "Huyu mama alianguka lini?" Wakamwambia. Daktari akaiweka picha mezani. "Mngemleta wiki ya kwanza, saa hizi angekuwa anatembea. Mfupa umejiunga vibaya, na kwa umri huu na hali hii siwezi kumpasua. Atakaa, atakula, ataongea. Kutembea, hapana. Hatatembea tena."

Boksi la lile toleo jipya lilikuwa bado kwenye mfuko wa koti. Akalitoa pale kwenye benchi la hospitali, hajui kwa nini, akaikunja ile simu, akaikunjua. Akaikunja, akaikunjua. Ilinyooka vizuri kila mara, haina hata alama. Mguu wa mama yake haukunyooka.

Sasa mtanikuta hapo nje mniambie, kumbe mchungaji anapiga vita simu. Hapana. Msinitoroke kwa njia hiyo, ni rahisi mno. Simu ile ilifanya kosa gani? Ilihesabu, na ilihesabu sawasawa. Kila hatua ilikuwa ya kweli. Ilikuwa na faida, tena ilikuwa na faida kuliko alivyojua mwenye duka. Kwa wiki saba ilikuwa ikimtumia taarifa kila siku kwamba kuna mtu anateremka na kupanda kilima kwenye matope kwa ajili ya mama yako. Hakuuliza tu ni nani. Kwa hiyo ukiniuliza vifaa hivi vipya vina faida, nakujibu vinayo, ukivitumia kwa kazi yake. Kazi ya kumwona mama haimo ndani ya boksi. Hakuna toleo litakalotoka nayo. Wazee walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hawakusema fimbo ikiwa mpya itaua.

Sisi, ndugu zangu. Sisi tuliopita njia ya chini tukasema ana simu, mwanawe anamwona. Sisi tuliosoma tangazo. Mnajua ni nani nimempa jina katika mfano huu? Mzee wa kanisa sikumpa. Nilimpa aliyetengwa, kwa sababu sikuona mtu mwingine aliyekwenda.

Na bado sijafika mwisho. Yule mwanamume, akiwa kwenye lile benchi, aliifungua simu yake mwenyewe, ile ya zamani ambayo hakuwa ameiacha bado. Ya kwake nayo ilikuwa na kile kidude, alikisahau tu. Nayo ilikuwa imehesabu wiki zote saba. Akaziona hatua zake zote, siku kwa siku, na ramani ya mahali zilipokwenda. Dukani. Nyumbani. Kanisani, tena kanisani mara nne kwa wiki. Mazoezi ya kwaya. Duka la simu, mara mbili. Akaishusha ramani taratibu kwa kidole hadi juu kabisa mlimani, na huko, ukiacha za siku ile, hapakuwa na kitu. Wiki saba, na kwa mama hapakuwa na hatua hata moja.

Zitoeni sasa simu zenu. Zitoeni, nimesema mziache ziwake kwa sababu hii. Nyingi zina hicho kidude, hata mkiwa hamjui. Tafuta hatua zako za wiki hii. Usinionyeshe ni ngapi, sitaki kujua ni ngapi. Jiulize zilikwenda kwa nani.

Mimi nilizitazama zangu juzi, pale kwenye kiti niliposhindwa kunyanyuka. Mama yangu yuko hai. Nilimpigia Jumatano, akasema magoti, nikamwambia ni baridi tu, mama.

Leo ibada naifupisha. Matangazo atayasoma katibu, viatu vyangu vya mlimani viko kwenye gari.